Stima ya Welf na Wenyewe wa Mto

Mwaka 1865 stima za Hamburg na Bremen zilikuwa zimekwisha kuzoea kuvusha wahamiaji hadi New York. Mwaka huohuo Baron Karl Klaus von der Decken, ambaye alikuwa amejaribu kukwea Kilimanjaro mara mbili, aliingiza stima yake, Welf, katika Mto Juba. Ukingo wa magharibi wa Juba ulikuja kuwa sehemu ya Kenya ya Waingereza mpaka 1925, Italia ilipokabidhiwa eneo hilo, Jubaland. Kwa hiyo habari za stima hiyo ni za kaskazini mashariki yetu pia. Huko baharini, nguvu ya injini ilimpunguzia nahodha utumwa wa upepo. Mtoni ni mambo mengine: kina hubadilika kila msimu, miamba hujificha chini ya maji ya tope, na kila ukingo una mwenyewe. Welf ilikwama kwenye maporomoko juu ya mji wa Bardera mwishoni mwa Septemba. Siku chache baadaye kambi ya wasafiri ilishambuliwa, naye Decken akauawa Bardera. Walionusurika walirudi pwani kwa mashua.

Wapo watakaosema chanzo kilikuwa ukali wa Wasomali tu. Lakini Bardera ulikuwa mji wa dini ulioteketezwa na jeshi la usultani wa Geledi mwaka 1843. Watu waliokwisha kuonja moto hawakuhitaji kuambiwa wamshuku mgeni mwenye bunduki na chombo cha chuma. Wengine watamtaja Kamanda Dundas, aliyepanda Juba kwa stima Kenia mwaka 1892 na kurejea salama. Ni kweli, ila naye alikomea kwenye maporomoko. Mwaka mmoja kabla, Kenia hiyohiyo ilikuwa imepanda Mto Tana kupita eneo la Garissa ya leo hadi Hameye, na bado njia ya biashara ya stima haikuzaliwa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliiacha Tana kando. Kwa hiyo safari iliyofanikiwa mara moja haithibitishi njia. Chombo hugeuka njia pale maji yanapokibeba mwaka mzima na wenyeji wanapokubali kipite. Welf ilikosa vyote viwili, na hakuna injini ambayo ingeziba mapengo hayo.