Mbano: istilahi ya kuijua kabla ya kununua kipuri

Wanaocheza gemu kwenye kompyuta kuukuu wana neno wanalolitaja kila wanapopanga kununua kipuri: botoneki. "Hiyo prosesa itakuletea botoneki," anaambiwa mwenye kutaka kadi mpya ya grafiki, naye huondoka akidhani mashine yake ina ugonjwa. Neno hilo ni la Kiingereza, na asili yake ni shingo ya chupa, sehemu nyembamba inayoamua maji yatoke kwa kasi gani hata chupa iwe na tumbo kubwa kiasi gani. Katika fani ya kompyuta hutaja kiungo kinachochelewesha vingine vyote katika kazi fulani. Makala hii inapendekeza tukiite mbano, na inaeleza kwa nini jina hilo linamfaa hasa mwenye fedha kidogo.

Dhana yenyewe ni ya siku nyingi. Mwaka 1945 John von Neumann alieleza muundo wa kompyuta ambao prosesa iko upande mmoja na kumbukumbu upande mwingine, maagizo na data vikikaa pamoja katika kumbukumbu. Mwaka 1977 John Backus, aliyeongoza kazi ya kuunda lugha ya programu ya Fortran, alipewa Tuzo ya Turing. Katika hotuba yake aliilaumu njia nyembamba inayounganisha pande hizo mbili, akaiita botoneki ya von Neumann. Prosesa hata iwe hodari vipi, itakaa ikingoja data ipite.

Tuliseme vipi kwa Kiswahili? "Shingo ya chupa" ni tafsiri sisisi. Inamlazimu msomaji kuijua kwanza picha ya Kiingereza ndipo aelewe. "Kikwazo" na "kizuizi" vinadokeza kwamba kazi imesimama, ilhali hapa kazi inaendelea, ila kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote. "Foleni" ni matokeo, wala si chanzo. Anayevuka kwa feri pale Likoni, Mombasa, anaijua tofauti hiyo: ukiipanua barabara iendayo kivukoni bila kuongeza feri, magari yatafika upesi zaidi kwenda kusubiri. Kinachobana ni feri.

Na hapo ndipo neno letu lilipo. Kama kata inavyozaa mkato na kaza ikazaa mkazo, ndivyo bana inavyozaa mbano, wingi wake mibano. Faida yake kubwa ni kwamba halitengani na kitenzi chake. Tunaweza kusema prosesa inaibana kadi, kadi imebanwa na prosesa, vipuri hivi havibanani. Kuna pingamizi moja la haki: watumiaji wa kompyuta tayari husema "kubana faili", yaani kulipunguza ukubwa. Lakini tendo hilo lina jina lake, ubanaji, na mbano ukabaki kuwa mahali ambapo kazi inabanwa. Muktadha utamaliza shaka iliyobaki.

Kitenzi hicho kinamwachia mnunuzi maswali mawili: nani anabana, na nani anabanwa? Gemu ikichezwa, skrini huoneshwa picha moja baada ya nyingine, na kila moja huitwa fremu. Prosesa hukokotoa nani yuko wapi na risasi imempata nani. Kadi ya grafiki huchora. Wakati kadi inachora fremu hii, prosesa inaandaa ijayo. Tuseme prosesa huhitaji milisekunde 10 kwa kila fremu, na kadi milisekunde 25. Mwendo utamfuata aliye mzito: milisekunde 1,000 za sekunde moja ukizigawa kwa 25 unapata fremu 40. Nunua prosesa inayomaliza kazi kwa milisekunde 5, na utabaki na fremu zilezile 40. Badala yake weka kadi inayomaliza kwa milisekunde 8. Sasa mzito ni prosesa, na unapata fremu 100 kwa sekunde, si 125. Mbano umehama kutoka kwenye kadi kwenda kwenye prosesa.

Chukua mfano wa kompyuta za ofisi zinazouzwa mtumba Luthuli Avenue jijini Nairobi au Kariakoo, Dar es Salaam. Dell OptiPlex 9020 ya umbo la mnara, yenye prosesa ya Intel Core i5-4590 ya mwaka 2014, ina viini vinne na kwa kawaida haina kadi ya grafiki. Uchoraji hufanywa ndani ya prosesa kwa kukopa kumbukumbu (RAM) ya mashine. Kijiti kimoja cha RAM ya DDR3-1600 hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Viwili vikiwekwa kwenye sloti zinazooana, hupitisha 25.6. Kadi ya GeForce GTX 1050 Ti, iliyotoka mwaka 2016, ina kumbukumbu yake yenyewe inayopitisha gigabaiti 112. Kwa mashine hiyo, basi, kijiti cha pili cha RAM ni nafuu ya bei ndogo, na kadi ndiyo hatua kubwa.

Lakini upo mbano mwingine, wa umeme. Sloti ya kadi hutoa wati 75 tu, na pawa saplai ya wati 290 iliyotoka nayo kiwandani haikukusudiwa kulisha kadi kubwa. Kuibadilisha nako kuna gharama, kwa kuwa plagi yake ya ubao mama ni ya Dell yenyewe na huhitaji adapta. Ndiyo sababu kadi kama GTX 1050 Ti na GTX 1650, katika matoleo yasiyo na plagi ya ziada, zimekuwa kimbilio la wenye mashine hizi. Mwenye kasha jembamba atafute kadi yenye kimo kifupi, la sivyo kifuniko hakitafunga. Baadaye prosesa ikianza kubana, Core i7-4790 inakaa kwenye soketi ileile, nayo ina viini vinne vinavyobeba nyuzi nane za kazi.

Diski ya SSD nayo husifiwa kupita kiasi. Huharakisha kuwaka kwa mashine na kupakia ramani za gemu, lakini kwa kawaida haiongezi fremu. Anayekerwa na kusubiri, itamfaa. Anayekerwa na picha kukatakata aangalie kwingine, akianza kwa kuona kama RAM yake inajaa.

Kabla ya kutoa hata shilingi, mbano hupimwa bure. Shusha ukali wa picha kutoka pikseli 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Kadi itapunguziwa zaidi ya nusu ya pikseli. Fremu zikiruka juu, kadi ndiyo iliyokuwa ikibana. Zikibaki palepale, ishuku prosesa, hata kama inaonesha asilimia 30 tu ya matumizi: kiini kimoja kati ya vinne kikielemewa kabisa, jumla husoma asilimia 25. Hakikisha pia kwamba gemu yenyewe haijawekewa kikomo cha fremu. Rudia kipimo hicho kwa kila gemu uipendayo, kwa kuwa mashine ileile inaweza kubanwa na kadi katika gemu moja na prosesa katika nyingine. Kwa sababu hiyo, ile asilimia ya "botoneki" inayotolewa na vikokotoo vya mtandaoni kwa jozi ya vipuri haina mengi ya kumwambia mnunuzi.

Hakuna kompyuta isiyo na mbano, ya bei yoyote ile. Kinachotafutwa ni kuusukuma hadi mahali usipomuudhi mchezaji. Skrini ya hezi 60 huonesha picha 60 kwa sekunde; gemu yako ikishatoa fremu 60 bila kuyumba, mbano umefika kwenye skrini, na kwa macho yako kadi nyingine itaongeza machache sana. Hapo acha kununua. Dukani, usiulize kadi ipi ni kali zaidi. Taja prosesa, pawa saplai na skrini uliyo nayo, kisha uliza: kadi ipi haitabanwa na hivi?