Safari ya wanyama katika bustani ya Disney: Mambo ya kujua kabla ya kulipa

MKENYA anayezuru bustani ya Disney's Animal Kingdom, karibu na jiji la Orlando katika jimbo la Florida, Marekani, hukutana na jambo ambalo huenda hakulitarajia. Huko, maelfu ya kilomita kutoka pwani ya Afrika Mashariki, kuna kijiji kizima ambacho maduka, mikahawa na vibao vyake vya njiani vimepewa majina ya Kiswahili.

Kijiji chenyewe kinaitwa Harambe. Neno hilo sisi huliandika kwa 'e' mbili mwishoni, na limo katika nembo ya taifa letu. Wajenzi waliidondosha moja, na hadi leo hawajairejesha.

Kijijini hapo ndipo huanzia Kilimanjaro Safaris, ziara ya wanyama inayowapeleka wageni kwa lori miongoni mwa simba, twiga, viboko na vifaru. Mlima ambao jina lake limeazimwa, bila shaka, uko Tanzania.

Makala haya yamekusudiwa wasomaji wanaopanga ziara hiyo, hasa wazazi wanaoalikwa Marekani na watoto wao waliolowea huko. Mara nyingi mgeni hana sauti katika uchaguzi wa mahali pa kutembelea. Mjukuu ndiye anayetaka kwenda, naye babu au nyanya hujikuta akipigwa msasa wa Kiswahili na dereva wa lori anayemwambia "jambo".

Mandhari ya kuundwa

Bustani hiyo ilifunguliwa Aprili 22, 1998. Aliyeongoza usanifu wake ni Joe Rohde, ambaye pamoja na wenzake walizuru Afrika Mashariki wakikusanya picha na michoro. Harambe imeigwa kwa kiasi kikubwa kutokana na mji wa Lamu: kuta za chokaa zilizobanduka, vichochoro vyembamba, milango ya mbao na mabango ya matangazo yaliyochujuka kwa jua.

Mzee wa Lamu atagundua kasoro upesi. Mapaa ya kijiji hicho yaliezekwa kwa nyasi na mafundi wa Kizulu walioletwa kutoka Afrika Kusini, ilhali kwao Lamu nyumba ya namna hiyo huezekwa kwa makuti ya mnazi. Kazi yenyewe ni nzuri mno, lakini ni ya pwani nyingine.

Eneo la wanyama lina ukubwa wa ekari 110 hivi, yaani chini ya nusu ya kilomita mraba. Mbuga ya Nairobi ina kilomita mraba 117. Kwa hivyo uwanda wote huo wa Florida ungeweza kuingia zaidi ya mara 260 katika mbuga iliyo mlangoni pa jiji letu kuu.

Hata hivyo, aliye ndani ya lori haoni udogo huo. Barabara imepindwapindwa, na vilima vidogo na miti vimepangwa ili lori moja lisionekane na jingine. Mibuyu mikubwa inayopambwa kwa picha za wageni ni ya saruji. Miti inayofanana na migunga kwa hakika ni mialoni ya Marekani iliyopogolewa ili vilele vyake viwe bapa. Baadhi ya vichuguu navyo ni bandia.

Simba na swara huonekana kana kwamba wako katika uwanja mmoja. Kinachowatenga ni mahandaki na kingo zilizofichwa nyuma ya nyasi na miinuko ya ardhi. Jioni wanyama huitwa kwenye mabanda yao kwa milio waliyozoeshwa, kila aina kwa mlio wake.

Je, huu ni ulaghai? Mwandishi wa makala haya haoni hivyo. Bustani ya Haller kule Bamburi, Mombasa, nayo iliundwa kwa mikono ya watu. Ilikuwa machimbo makavu ya mawe ya kutengenezea saruji hadi René Haller alipoanza kupanda mivinje mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leo hakuna anayedai kwamba viboko wa Bamburi si viboko halisi.

Kasoro hutokea pale mgeni asipoelezwa kilichoundwa na kilicho hai. Lori la Disney huanza safari katika kijisitu kilichopewa jina la Ituri, msitu wa Congo, ambako hupatikana okapi. Dakika chache baadaye wanakuja ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, ambao kwao ni Uganda na Rwanda, na nyani wa rangi waitwao mandrili, ambao asili yao ni misitu ya magharibi ya Afrika ya Kati.

Mtoto aliyezaliwa Minnesota au Texas na ambaye hajawahi kutua Nairobi ataondoka akiamini kwamba hao wote huishi pamoja chini ya Mlima Kilimanjaro. Nyanya aliye naye ndani ya lori anaweza kumsahihisha papo hapo. Kuna kazi chache zinazomfaa zaidi siku hiyo.

Kuchagua ziara

Safari ya lori imejumuishwa katika kiingilio cha bustani. Huchukua takriban dakika 20, na kila lori hubeba watu zaidi ya 30. Dereva ndiye kiongozi wa watalii, naye huendesha huku akieleza. Hawezi kusimama apendavyo, isipokuwa mnyama akiziba barabara, jambo ambalo twiga na ng'ombe wa Ankole hulifanya mara kwa mara bila kujali foleni iliyo nyuma.

Wasichokijua wengi ni kwamba mgeni anaruhusiwa kurudia safari hiyo. Wanyama hawafuati ratiba; simba aliyelala fofofo asubuhi huenda akawa wima alasiri. Anayepanda mara mbili, kwa saa tofauti na pengine kwa kiongozi tofauti, hufaidi kuliko anayepanda mara moja na kukimbilia michezo ya mabembea.

Karibu na hapo pana njia ya kutembea kwa miguu iitwayo Gorilla Falls Exploration Trail, nayo pia haina malipo ya ziada. Hadi 2016 ilikuwa na jina la Pangani, mji wa pwani ya Tanzania ambao haujawahi kuwa na gorila. Mabadiliko hayo basi yalikuwa ya haki. Mgeni hutembea kwa mwendo wake na kuwatazama gorila kwa utulivu ambao lori haliwezi kumpa.

Ziara yenye kiongozi hasa, ile inayohitaji kupangiwa mapema, ni Wild Africa Trek, iliyoanzishwa 2011. Kundi lina watu wasiozidi 12, na muda wake ni saa tatu hivi. Kila mmoja huvishwa kizibao chenye mikanda imara ya usalama pamoja na kifaa cha sikioni cha kumsikilizia kiongozi.

Kundi hupita vichakani hadi kwenye ukingo wa bwawa la viboko. Hapo mgeni hufungwa kwa kamba kwenye chuma kilicho juu yake, kisha akaweza kuinama na kuchungulia chini. Baadaye huvuka madaraja ya kamba yanayoning'inia juu ya mamba wa Nile. Mbao za madaraja hayo zimeachwa na mapengo kwa makusudi, na mwenye kizunguzungu hana budi kujua hilo kabla ya kulipa, wala si akiwa katikati ya daraja.

Sehemu ya mwisho ni kwa gari la kundi hilo peke yake, ambalo husimama mahali lori la kawaida halisimami. Chakula hutolewa katika kibanda kilichoinuliwa juu ya uwanda. Katika muda huo ndipo kiongozi huulizwa maswali kwa nafasi, nami naona hiyo ndiyo bidhaa halisi inayouzwa.

Masharti yake ni makali. Mtoto awe ametimiza miaka 8 na kimo cha sentimita 122 au zaidi. Uzito wa mtu pamoja na vifaa usipungue kilo 20 wala kuzidi kilo 136 hivi, na hupimwa kabla ya kuondoka. Viatu viwe vya kufunika vidole au vyenye mshipi wa nyuma. Mwenye champali hurudishwa. Mizigo huachwa kwenye kabati, na kamera hairuhusiwi isipofungwa kwa kamba.

Kwa familia yenye watoto wadogo au mzee asiyeweza madaraja, ipo ziara ya saa moja ya tembo iitwayo Caring for Giants, iliyoanza 2017. Huruhusu watoto wa kuanzia miaka 4. Wageni husimama umbali wa mita 25 hadi 30 kutoka kwa tembo na kuelezwa jinsi wanavyotunzwa. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya Wild Africa Trek.

Hesabu ya fedha

Kiingilio cha siku moja kwa mtu mzima ni zaidi ya dola 100, nacho hupanda wakati wa likizo za shule. Wild Africa Trek hulipiwa kando, karibu dola 200 kwa kila mtu au zaidi kutegemea msimu, bila punguzo kwa watoto. Familia ya watu wanne basi itatumia kiasi cha dola 1,200 kwa siku moja, yaani zaidi ya Sh150,000. Nauli na malazi bado hayajatajwa.

Kwa kiasi hicho familia hiyo hiyo ingelala siku mbili tatu Maasai Mara. Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayetoka Kenya ni kwamba atosheke na lori mara mbili pamoja na njia ya miguu, ila kama wajukuu wake wamekua na hawana mpango wa kuja nyumbani karibuni. Hapo saa tatu na kiongozi mmoja zinaweza kuwa na thamani yake.

Nafasi za ziara hiyo huuzwa wiki kadhaa kabla, na za asubuhi ndizo huisha kwanza. Soma masharti ya kufuta nafasi kabla ya kutoa nambari ya kadi yako.

Anayesafiri kutoka Nairobi ashughulikie viza kwanza, kabla ya kununua tikiti yoyote ya bustani. Ada ya kuomba viza ya utalii ilipandishwa hadi dola 185 mnamo 2023, na hairudishwi hata ombi likikataliwa. Tangu Oktoba 2018 Kenya Airways imekuwa na ndege za moja kwa moja hadi New York, na kutoka huko hadi Orlando ni saa tatu hivi angani.

Saa na msimu

Fika kabla ya lango kufunguliwa na uelekee Harambe moja kwa moja. Asubuhi kuna ubaridi, na wanyama huwa bado wanatembea. Kufikia saa sita za mchana joto la Florida huwa limewapeleka kivulini, na foleni huwa imerefuka. Ipo njia ya mkato ya kulipia, lakini asiyechelewa haihitaji.

Kuanzia Juni hadi Septemba, mvua za radi hunyesha karibu kila alasiri, na ziara za nje huweza kusimamishwa kwa ajili ya usalama. Miezi ya Novemba hadi Machi ina hali nzuri zaidi ya hewa, ila wiki za Krismasi na Mwaka Mpya ziepuke. Kumbuka vilevile kwamba safari ya lori hufungwa mapema kuliko michezo mingine ya bustani, hasa majira ya baridi jua linapotua mapema.

Maswali ya kumuuliza kiongozi

Kiongozi mzuri hufurahia maswali. Mwulize mnyama huyu alizaliwa wapi, na amechaguliwaje kuzalishwa na yule. Mwulize pia fedha za ziara huenda wapi. Sehemu ya mapato ya Wild Africa Trek hupelekwa kwa hazina ya uhifadhi ya Disney, iliyoanzishwa 1995, na mteja ana haki ya kutajiwa miradi inayofadhiliwa.

Mwulize pia kuhusu majangili. Bustani ilipofunguliwa, kila safari ya lori iliishia kwa kisa cha kuwafukuza wawindaji haramu waliomteka mwana wa tembo aliyeitwa Little Red. Wageni wengi waliona kisa hicho kinawaharibia matembezi. Kikapunguzwa hatua kwa hatua, na kufikia 2012 kilikuwa kimeondolewa chote, mahali pake pakachukuliwa na punda milia. Miaka minne baadaye, Aprili 2016, Kenya iliteketeza tani 105 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi.

Swali jingine ni kuhusu kifaru jike aliyeitwa Nandi. Vifaru walikuwa wameangamizwa Uganda kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika juhudi za kuwarejesha, hifadhi ya Ziwa iliyoko wilaya ya Nakasongola ilipokea vifaru weupe wanne kutoka Solio hapa Kenya, na mwaka 2006 ikapokea wengine wawili kutoka bustani hii ya Florida. Nandi alikuwa mmoja wa hao wawili.

Alipandwa na dume kutoka Solio, na Juni 2009 akazaa ndama wa kiume, kifaru wa kwanza kuzaliwa Uganda kwa zaidi ya miongo miwili. Kwa kuwa baba yake alitoka Kenya na mama yake Marekani, alipewa jina la Obama.

Ziwa nako kuna ziara za kuongozwa, tena za miguu, ambapo mgeni huandamana na askari wa wanyamapori hadi karibu na vifaru wenyewe. Ni mwendo wa kilomita 180 hivi kaskazini mwa Kampala kwa barabara ya Gulu, na Mkenya huvuka mpaka wa Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa.