HISTORIA YA SURUALI YA KUBANA NA SINDANO YA NYUMBANI



Katika jarida hili la kumbukumbu wenzetu wameandika juu ya vita, juu ya kuvuka ziwa na juu ya shule zetu. Sisi tumepewa kuandika juu ya mavazi, na katika mavazi tumechagua moja tu: suruali ya kubana, ile ambayo vijana wa Tanzania waliipa jina la modo. Kuna wasomaji watakaosema kwamba hilo si jambo la kuandikwa katika karatasi ya kumbukumbu. Tunawaomba wavumilie. Hakuna nguo iliyoleta maneno mengi kati ya baba na binti yake katika kambi hii kuliko suruali iliyopunguzwa kwa sindano usiku, na anayetaka kuihukumu ni vizuri aijue ilikotoka.

Neno lenyewe suruali lilitoka Uajemi, likapita kwa Waarabu, likafika pwani na hatimaye kwetu, ingawa nyumbani Kongo tulizoea zaidi kusema pantalo. Suruali ile ya Waajemi ilikuwa pana, yenye kufungwa kwa kamba kiunoni. Mtu yeyote aliweza kuivaa, kwani kamba ilifanya kazi yote. Suruali ya kubana ni jambo lingine kabisa. Hiyo haifungwi mwilini, inakatwa kufuata mwili, na kila mwili una vipimo vyake. Kwa hiyo kwa muda mrefu ilikuwa nguo ya mtu mwenye fundi wake.

Kilichoifikisha nyumbani ni mashine na karatasi. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hati ya cherehani yake mwaka 1830, na mwaka uliofuata mafundi wa Paris waliingia katika karakana yake wakazivunja mashine, kwa kuogopa kukosa kazi. Huko Marekani Elias Howe alipata hati yake mwaka 1846 na Isaac Singer mwaka 1851. Kampuni ya Singer iliuza mashine kwa kulipa kidogo kidogo, ndiyo maana jina hilo lilifika mpaka katika baraza za maduka ya kwetu. Kisha mwaka 1863 Ebenezer Butterick, fundi wa Massachusetts, akaanza kuuza vielelezo vya karatasi vya kukatia nguo, vyenye vipimo tofauti tofauti. Sisi tunaona karatasi ile ilikuwa jambo kubwa sawa na mashine yenyewe. Mama asiye fundi aliweza kuitandika juu ya kitambaa mezani kwake na kukata nguo ya mwanawe.

Sasa tuje karibu na kwetu, maana hapa ndipo suruali ilipoanza kuwa kesi.

Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kuanza Januari 1969. Zilikatazwa sketi fupi, wigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana. Kabla hata ya siku hiyo kufika, makundi ya vijana huko Kariakoo, Dar es Salaam, yalisimamisha mabasi na kuwasumbua wanawake kwa ajili ya nguo zao. Malawi ilitunga sheria ya mavazi mwaka 1973, mwanamke asivae suruali. Na wanaume nao wakakatazwa suruali zenye miguu mipana chini, zile ambazo Tanzania waliziita bugaluu. Tazameni jambo hili vizuri: serikali moja ilikataza suruali kwa sababu ni nyembamba, nyingine ikaikataza kwa sababu ni pana.

Na kwetu Zaire? Wazee wanakumbuka. Katika siasa ya Mobutu ya kurudi katika uhalisi, tangu mwanzo wa miaka ya 1970, suti na tai vilikatazwa, mwanaume akatakiwa avae abakosti. Mwanamke alitakiwa avae kikwembe, suruali ilikuwa mwiko kwake. Lakini vijana hawakukubali wote. Papa Wemba, aliyeunda kundi la Viva la Musica mwaka 1977, alipenda mtindo ulioitwa ungaru: suruali iliyopungua kuelekea chini, viatu vya ngozi vinavyong'aa, na kofia iliyolazwa upande. Mwanamuziki huyo alifariki Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, akiwa jukwaani. Ni tarehe ile ile ambayo mwaka 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na tai ikarudi shingoni mwa watu. Wanawake nao wakaanza kuvaa suruali bila kujificha. Uhuru huo haukukaa sana. Mwaka 1997, vita vilipofika Kinshasa, askari walikuwa wakiwapiga wanawake njiani kwa sababu ya suruali za kubana na sketi fupi.

Wakati huo sisi wengine tulikuwa tumekwisha kuwa ng'ambo ya ziwa. Vita vilifika Uvira mwezi Oktoba 1996, na Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu mwezi Novemba. Wako kati yetu waliobeba kichwa cha cherehani peke yake, wakaiacha meza na pedeli, kwa sababu kichwa kinafunguliwa kwa skrubu na kinabebeka. Wengine walivuka na nguo walizovaa.

Nguo tulizopata baadaye zilitoka katika mitumba. Jina hilo ni la robota lenyewe. Wenzetu wa Rwanda na Burundi huziita kaguwa, ambalo ni neno letu la Kiswahili chagua, na Wazambia husema salaula, yaani kuchagua kwa kupekua katika lundo. Lakini mkimbizi aliyepewa nguo hakuchagua. Alipewa. Tulikuwa na kijana mwenye kiuno cha sentimeta 72 aliyepewa suruali ya mtu mzito wa Ulaya, yenye kiuno cha sentimeta 100. Aliifunga kwa kamba ya katani, akaenda nayo shuleni, akachekwa. Tunamtaja kwa sababu wengi wetu tulikuwa kama yeye. Mtu aliyepoteza nyumba na shamba, kisha akavaa umbo la mtu mwingine kila siku, anajiona kama si yeye tena. Kuanza kupunguza suruali kulianzia hapo, wala si katika uhuni.

Basi tueleze kazi yenyewe, kwani watoto wetu wanaifanya bila kufundishwa na wengi wanaharibu nguo nzuri.

Kwanza suruali igeuzwe ndani nje na kuvaliwa hivyo. Mwenzako abane kwa pini toka pajani mpaka kifundoni. Hapa ndipo wengi hukosea: wanabana mshono wa nje tu, kwa sababu ni rahisi kuufikia. Nyuzi za kitambaa zinatakiwa ziteremke wima katikati ya mguu. Ukipunguza upande mmoja tu, nyuzi hizo zinakwenda mshazari, na suruali inajizungusha mguuni kila unapotembea. Punguza mshono wa nje na wa ndani kwa kiasi kilicho sawa.

Pili, kiuno. Kinapunguzwa kwenye mshono wa katikati nyuma, kwa kufumua mkanda wa suruali. Sentimeta 5 zinatosha. Ukizidisha, mifuko miwili ya nyuma inakaribiana kama macho ya bundi, na hapo ni heri kuifumua suruali yote na kuikata upya. Ule mshono unaopita katikati ya miguu ni mrefu nyuma kuliko mbele, kwa sababu mtu hukaa kwa upande wa nyuma. Asiyejua hilo hukata vipande vya mbele na vya nyuma sawa sawa, halafu anashangaa kwa nini suruali inashuka kiunoni kila anapoinama kisimani.

Tatu, usishone kwa kudumu kabla ya kupiga bandi. Shona kwa mkono nyuzi ndefu za muda, vaa, kaa kwenye kiti, chuchumaa, panda ngazi. Kitambaa kikikunjamana kwa mistari inayovutana toka katikati ya mapaja, kimebana mno hapo, fumua, ongeza. Goti likikataa kukunjwa, fumua. Chini nako kuna mpaka wake. Pima kuzunguka kisigino na juu ya unyayo, ambapo kwa watu wazima wengi hupita sentimeta 30. Kitambaa kisichovutika kikiwa chembamba kuliko hapo, mguu hautaingia, na ndiyo sababu mafundi wengine huweka mpasuko au zipu karibu na kifundo.

Vitambaa vinavyovutika ni habari ya juzi. Uzi wa aina hiyo ulivumbuliwa mwaka 1958 na Joseph Shivers, mkemia wa kampuni ya DuPont ya Marekani. Suruali nyingi za kubana zinazotoka kwenye mitumba zina uzi huo. Cherehani zetu nyeusi za pedeli hushona mstari ulionyooka tu, na mstari huo hukatika pale kitambaa kinapovutwa. Dawa yake ni kukivuta kidogo wakati wa kushona. Asiye na mashine ashone kwa sindano ya mkono akirudi nyuma nusu hatua kila mara, hasa sehemu ya kukalia, na uzi aupake nta au sabuni kavu. Uzi wenyewe tuliupata mara nyingi kwa kuufumua kwenye pindo la nguo iliyochakaa. Mwisho ni pasi ya mkaa, mshono ulale.

Tunajua kwamba wazee kadhaa hawajaridhika. Katika mikutano yetu ilisemwa zaidi ya mara moja kwamba kamati iwakataze mabinti suruali hizi. Sisi tunawaheshimu wazee, na hatusemi kila nguo inafaa kila mahali. Kwenye msiba hata sisi tungependa kikwembe. Lakini tunawakumbusha kwamba wao ndio waliokatazwa tai, wakalalamika usiku nyumbani mwao. Wakumbuke pia ni nani aliyepigwa njiani kila mara katazo lilipotoka. Katika historia yote tuliyoieleza, mwenye kutunga katazo hakuwa yeye aliyesimamishwa kwenye basi. Tena binti anayepima kiuno chake, akagawa kwa nne na kujua aongeze nafasi gani ya mshono, ana kazi mkononi ambayo hakuna mpaka utakaomnyang'anya.

Tunaongeza jambo moja kwa vijana. Miaka hii ya karibuni suruali pana zimerudi, na wale wale waliokesha wakipunguza sasa wanataka kupanua. Walioshona kwa ndani wakakiacha kitambaa kilichozidi bila kukikata, wanafumua mshono, wanapiga pasi, na suruali inarudi ilivyokuwa. Waliokata kwa mkasi wanazunguka nyumba kwa nyumba wakiulizia vipande vya jinzi vya rangi inayofanana.