JESHI LA USAMA NA HOFU YA MADINA



Ndugu zangu katika imani, kuna vijana wakiingiwa na hofu hudhani imani yao imeharibika. Basi leo tumtazame Usama bin Zayd (r.a.).

Baba yake ni Zayd bin Haritha, kipenzi cha Bwana Mtume (s.a.w.). Mama yake ni Ummu Ayman, mwanamke wa Kihabeshi aliyemlea Mtume. Siku ya Uhud Usama alitaka kwenda vitani, akarudishwa kwa udogo wake. Mwaka wa 8 Hijria baba yake akauawa kule Mu'ta, bendera ikiwa mkononi mwake.

Alikuwa na jeraha jingine pia. Katika msafara mmoja alimuua mtu aliyekwisha kutamka shahada, akidhani ameitamka kwa kuogopa upanga. Mtume alimuuliza kama aliupasua moyo wa yule mtu akaona kilichomo, akakariri lawama mpaka Usama akatamani lau angesilimu siku ile tu.

Huyu ndiye aliyepewa jeshi mwaka wa 11 Hijria liende Sham, upande uleule aliouawa baba yake. Umri wake ulikuwa kama miaka 18, wengine husema 20. Chini yake walikuwamo watu wazima wa Muhajirina na Ansari, na wapo walionung'unika. Mtume akawaambia kuwa hata uongozi wa baba yake waliutia ila kabla ya huu, naye alistahiki, na mwanawe anastahiki.

Jeshi likapiga kambi Jurf, nje kidogo ya Madina. Mtume akafariki. Makabila yakaanza kuritadi, mengine yakakataa kutoa zaka. Wanahistoria wamewafananisha Waislamu wa siku zile na kondoo walionyeshewa mvua katika usiku wa baridi.

Hapa ndipo ninapopapenda mimi. Imepokewa kwamba Usama mwenyewe alimtuma Sayyidna Umar (r.a.) kwa Abubakar (r.a.) kumwombea ruhusa arudi na watu mjini, maana alihofia Madina ishambuliwe huku mashujaa wake wako mbali. Hakuificha hofu yake, wala hakukimbia kambi. Alisubiri jibu. Nao Ansari wakaongeza la kwao: kama ni lazima jeshi liende, basi lipewe mtu mzima kuliko huyu.

Abubakar, mtu mpole tunayemjua, alimshika Umar ndevu. Mtume amemteua, nawe waniambia nimwondoe?

Kisha akatoka mwenyewe kuwasindikiza. Khalifa anatembea kwa miguu kwenye vumbi, kijana yuko juu ya mnyama. Usama akaona haya, akamwambia ama apande yeye, ama mimi nishuke. Abubakar akakataa yote mawili. Halafu akamwomba Usama, kama ataona vyema, amwachie Umar abaki kumsaidia. Wazee wangu, mwaliona hilo? Mwenye dola nzima anamwomba kijana ruhusa, mbele ya walewale waliosema ni mdogo.

Akawausia: wasiue mwanamke, mtoto wala mzee, wasikate mti wenye matunda, na wawaache waliojitenga kwa ibada katika nyumba zao za watawa. Kwa Usama, aliyekwisha kulia kwa damu ya mtu mmoja, naamini wasia huo ulimwingia kuliko wote.

Akaenda, akatimiza alichotumwa, akarudi salama. Makabila yalipoliona jeshi lile likipita yalisema: lau Madina ingekuwa dhaifu, isingewatoa watu hawa.

Miaka ikapita. Umar, akiwa khalifa, alimpangia Usama 3,500 katika posho ya hazina, na mwanawe Abdullah 3,000. Abdullah akauliza kwa nini Usama azidishiwe, hali hakumtangulia katika vita vyovyote. Umar akamjibu kuwa Zayd alipendwa na Mtume kuliko baba yako, na Usama alipendwa na Mtume kuliko wewe.