Fungu la Saisi

Februari 2022 Kazuo Fujisawa alifunga zizi lake la Miho, kaskazini-mashariki mwa Tokyo. Alikuwa ametimiza miaka 70, umri ambao mkufunzi wa farasi nchini Japani hulazimika kustaafu, na farasi wake walikuwa wameshinda mbio 1,570. Lakini Derby ya Japani aliipata mara moja tu, mwaka 2017, kwa farasi Rey de Oro, karibu miaka 30 tangu afungue zizi lake. Namsoma mtu huyu sambamba na Beryl Markham wa Njoro, Kenya, kwa sababu wote wawili walipata sifa kwa kujua wakati wa kumzuia farasi.

Fujisawa alijifunza kazi Newmarket, Uingereza, akiwa kijana wa kutunza farasi wa wengine. Aliporudi kwao alikuta desturi ya kumkimbiza farasi kwa nguvu zote mazoezini na kumpima kwa saa. Yeye akawaendesha farasi wake kwa makundi, mwendo wa wastani, na ambaye hajakomaa akamwacha akue, hata kama Derby, ambayo farasi hukimbia akiwa na miaka mitatu tu, ingempita. Wengi walimlaumu. Hesabu ya ushindi ikawajibu.

Markham alipata leseni ya ukufunzi akiwa bado binti mdogo. Mwaka 1926 alimwandaa Wise Child, farasi jike ambaye kano za miguu yake zilikuwa zimeharibiwa kwa kukimbizwa kupita kiasi. Kumpa pumzi bila kuivunja miguu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na muda ulikuwa wa wiki chache. Wise Child akashinda mbio za St Leger za Nairobi. Markham ameisimulia habari hiyo katika *West with the Night*, kitabu cha mwaka 1942, na mimi sijasoma maelezo bora ya woga wa mkufunzi mbele ya mguu wa farasi.

Kwa ufundi, basi, hawa ni ndugu. Wanapoachana ni kwenye mgawo.

Sisi wa Kirumba, Mwanza, hatukukua na farasi; mbung'o na maradhi vilimfanya mnyama huyo kuwa adimu bara. Ila mgawo tunaujua. Pale mwaloni, gharama za safari zikishatolewa, tajiri mwenye chombo na wavuvi hugawana, na ugomvi mwingi wa mwalo huanzia hapo. Katika mbio za Japani fedha za zawadi zina mafungu yaliyowekwa: mwenye farasi asilimia 80, mkufunzi 10, mpanda farasi 5, na saisi anayemlisha na kumsugua farasi huyo kila siku, 5. Saisi analingana na mpanda farasi! Fujisawa aliamini kuwa farasi hutulia pale wanaomtunza wanapofurahi, na nchini mwake imani hiyo ilikuwa na fedha nyuma yake.

Njoro palikuwa na Kibii, mwana wa arap Maina, aliyecheza na Beryl utotoni na baada ya jando akaitwa arap Ruta. Alikuwa naye katika kazi ya farasi miaka yote hiyo ya mwanzo. Markham anamwandika kwa heshima na upendo, tena anakiri kwamba ukubwani aliyekuwa rafiki alilazimika kuwa mtumishi wake. Walizaliwa karibu wakati mmoja, wakalelewa shamba moja, wakajua farasi walewale. Leseni ilikuwa ya mmoja. Koloni ndilo lililopanga hivyo, na mapenzi ya Markham hayakubadili mpango huo.

Kwa hiyo kama mila ya ukufunzi, naipa ya Japani daraja la juu, ingawa kwa kalamu Markham hana mpinzani. Anayeandika historia ya mbio za Nairobi, tangu viwanja vya zamani hadi ule wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954, na atafute kwanza majina ya masaisi na walicholipwa.