Jeli ing'aayo inayonasa mvuke wa vilipuzi

KARANI wa benki anapoiweka noti chini ya taa ya urujuanimno, nyuzi ndogo zilizomo ndani ya karatasi hung'aa papo hapo. Nyuzi hizo hufyonza mwanga usioonekana kwa macho na kuurudisha ukiwa mwanga unaoonekana. Sifa hiyo, iliyopewa jina la kisayansi na George Stokes wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka wa 1852, ndiyo wanakemia wanayoitumia kuunda jeli zinazobaini mvuke wa kemikali hewani.

Jeli ya aina hii hutengenezwa kwa kuyeyusha molekuli ndogo ndani ya kimiminika chenye joto. Kinapopoa, molekuli hujipanga zenyewe moja juu ya nyingine hadi zikawa nyuzi, nyingi zikiwa nyembamba mara mamia kuliko unywele wa binadamu. Nyuzi husukana mithili ya wavu na kukizuia kimiminika kisitiririke. Kikiachwa kikauke, hubaki utando mwepesi uliojaa matundu. Siri imo katika matundu hayo: utando uliojaa pasi na upenyo huguswa na mvuke juu juu tu, ilhali wavu huu hupenywa hadi ndani.

Tuchukue mfano wa TNT. Kilipuzi hiki hutoa mvuke haba mno. Katika joto la kawaida la chumba, molekuli bilioni moja za hewa huwa na takriban kumi tu za TNT, au hata chini ya hapo. Hata hivyo, TNT ina uchu wa elektroni. Inapogusa uzi unaong'aa, hunyakua elektroni kutoka kwa molekuli iliyosisimuliwa na mwanga, na mng'ao huzimika. Kwa kuwa nishati husafiri kando ya uzi, molekuli moja ya TNT yaweza kuzima mng'ao wa molekuli nyingi jirani.

Timothy Swager na Jye-Shane Yang wa taasisi ya MIT, Marekani, walidhihirisha mbinu hiyo mwaka wa 1998. Wao walitumia polima, si jeli, na kazi yao ilizaa kifaa kiitwacho Fido ambacho wanajeshi wa Marekani walikitumia nchini Iraq. Mnamo 2007, kundi la watafiti akiwemo Ling Zang lilionyesha kwamba nyuzi za molekuli ndogo zilizojipanga zenyewe zaweza kufanya kazi iyo hiyo.

Molekuli zikibadilishwa ziwe zenye kupokea elektroni, utando huzimwa na amini, yaani mvuke unaotoka kwa samaki na nyama inayooza. Muuza samaki hahitaji kuelezwa harufu hiyo.

Kasoro zipo. Mwanga mkali huchujua rangi ya utando, na baadhi ya kemikali zisizo na madhara huuzima vilevile. Isitoshe, mchanga hufyonza mvuke kabla haujafika juu. Ndiyo maana panya buku waliofunzwa na shirika la APOPO mjini Morogoro, Tanzania, walitumiwa kusaka mabomu ya ardhini Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa huru kutokana na mabomu hayo mwaka wa 2015. Panya huifuata harufu ilipo. Jeli husubiri iletewe hewa na feni.