Notari wa Bujumbura na Sheria Zisizokaa Mahali Pamoja

Mfanyabiashara aliyetaka kuanzisha kampuni Bujumbura kabla ya mwaka 2011 hakuwa na budi kupita kwa notari. Katiba ya kampuni ilisomwa na kutiwa saini mbele yake, ikagongwa muhuri, ada ikalipwa. Ndipo ilipokuja sheria mpya ya kampuni ya Mei 30, 2011, na baada yake huduma za usajili zikakusanywa chini ya paa moja katika wakala wa uwekezaji, API. Ripoti ya Benki ya Dunia iliyotolewa Oktoba 2012 iliitaja Burundi miongoni mwa nchi 10 zilizopiga hatua kubwa zaidi katika kurahisisha biashara. Mojawapo ya mageuzi yaliyosifiwa ni kufutwa kwa sharti la kupeleka nyaraka za kampuni kwa notari.

Wawekezaji walipumua. Manotari walipaswa kujiuliza ni kitu gani ambacho mteja angekifuata kwao hata kama sheria isingemlazimisha. Jibu limo katika historia ya kazi yao, na linahusu elimu kuliko wino.

Asili ya kazi hiyo ni sheria ya Ufaransa ya Machi 16, 1803, iliyotumika pia Ubelgiji, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Ufaransa. Sheria hiyo ilimfanya notari kuwa afisa wa umma ambaye hati yake huaminiwa na mahakama mpaka mtu athibitishe kuwa ni ya kughushi. Wabelgiji waliwaondoa Wajerumani Burundi mwaka 1916, na kwa sheria ya Agosti 21, 1925 wakaiunganisha Ruanda-Urundi na utawala wa Kongo yao. Lakini notari aliyefika Usumbura, kama mji ulivyoitwa siku hizo, hakuwa yule wa Brussels mwenye ofisi yake na ujuzi wa kurithishana. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyeongezewa jukumu hilo juu ya mengine.

Wateja wake walikuwa makampuni, misheni na wafanyabiashara wa kigeni. Mrundi wa kawaida aliuza na kununua shamba mbele ya abashingantahe, wazee wenye hadhi ambao ushahidi wao ndio uliokuwa hati. Kwa hiyo nchi ikawa na mifumo miwili ya kuthibitisha mali, mmoja wa karatasi na mwingine wa kumbukumbu za wazee, na notari alifunzwa huo mmoja tu.

Uhuru wa Julai 1, 1962 haukuziba pengo hilo mara moja. Chuo kikuu kilifunguliwa Bujumbura mwaka 1964, na baadaye sheria zikaanza kuandikwa upya: kanuni ya ardhi Septemba 1, 1986, kanuni ya watu na familia Aprili 28, 1993. Mirathi ikabaki chini ya mila, na mswada wake umejadiliwa miaka mingi bila kuwa sheria. Notari anayeandaa mauzo ya nyumba ya marehemu hushika kitabu cha sheria mkono mmoja, na mkono mwingine mila ambayo haikuandikwa popote.

Hakuna mahali ambapo ujuzi wa shuleni ulipungukiwa kama kwenye ardhi ya wakimbizi. Mauaji ya 1972 yaliwakimbiza Warundi wengi hadi Tanzania, na mashamba yao, hasa katika tambarare ya Rumonge na Nyanza-Lac kandokando ya Ziwa Tanganyika, yakachukuliwa na wengine. Baadhi ya wapya waligawiwa na serikali, wengine walinunua kwa nia njema, na wakapata karatasi. Kanuni ya ardhi ilikubali pia kwamba aliyekalia ardhi miaka 30 anaweza kuimiliki. Mkataba wa Arusha wa Agosti 28, 2000 ulipofungua njia ya kurejea, wenye mashamba walirudi na kukuta kila kitu kimeandikwa vizuri kwa jina la mtu mwingine. Tume ya ardhi, CNTB, iliundwa 2006. Kanuni ya ardhi ikarekebishwa Agosti 9, 2011. Mahakama maalumu ya ardhi ikafuata 2014. Katika miaka hiyo notari aliyetazama cheti peke yake angeweza kuandika hati isiyo na kosa hata moja, na mnunuzi akakosa shamba.

Wakati huohuo mambo mapya yaliingia kutoka nje. Mwaka 2003 kikosi kazi cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha kiliwaweka manotari katika orodha ya wanaopaswa kumjua mteja na chanzo cha pesa zake. Mwaka 2007 Burundi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hapo notari wake akakutana na majina yanayofanana na kazi zisizofanana. Nchini Kenya, notari ni wakili aliyetumikia angalau miaka mitano na kuteuliwa na Jaji Mkuu. Akisoma kama wakili, amesoma pia kama notari, na Chama cha Mawakili kinamtaka apate pointi tano za mafunzo kila mwaka. Uganda iliweka kanuni za elimu endelevu kwa mawakili mwaka 2004. Notari wa Burundi ana kiapo chake mwenyewe, tofauti na cha wakili, kwa hiyo mafunzo ya mawakili hayamgusi moja kwa moja. Bujumbura kuna Kituo cha Mafunzo ya Kitaaluma ya Sheria, CFPJ, lakini uzito wake mkubwa umekuwa kwa mahakimu na watumishi wa mahakama.

Mageuzi ya karibuni yanaonyesha jinsi somo lisivyokwisha. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi mitano, na komini kutoka 119 hadi 42. Shamba la Rumonge ambalo cheti chake cha zamani kinasema mkoa wa Bururi liliingia mkoa mpya wa Rumonge mwaka 2015, na sasa liko Burunga. Udongo ni uleule, anwani tatu.

Mafunzo yanayomfaa notari huyu hayaishii kwenye hotuba ya siku moja kuhusu sheria mpya. Yanapaswa kumkalisha na majalada ya zamani, hukumu za ardhi na wazee wa vilima, ajifunze kuuliza nani alilima hapa kabla ya 1972, mjane amesikilizwa wapi, pesa zimetoka benki gani. Na yawe sharti la kuendelea na kazi, kwa sababu notari akikosea, anayehamishwa shambani ni mteja.